Karani Aliniuliza Kwetu

Malaria haikuwa ugonjwa wa Eldoret. Tuliambiwa baridi yetu inaua mbu. Halafu mwaka mmoja mvua ikanyesha isiishe, joto likaingia, na wagonjwa wakaanza kulala sakafuni kwenye veranda ya hospitali. Redio haikusema kitu. Siku hizo redio isiposema, wewe pia husemi.

Msichana wangu wa miaka minne aliamka mwili moto. Nikambeba mgongoni kwa shuka, nikapanga foleni hospitalini. Mbele yangu kulikuwa na mama wa hapo, mtoto wake anatapika.

"Kwenu ni wapi, Mama?" karani akamuuliza.

Akataja kijiji cha karibu.

"Wa baridi huyu, damu yake haijui malaria. Wodi, apigwe sindano."

Nikafika mimi. "Na wewe, kwenu?"

Mtu mzima akiulizwa kwao, hutaja mahali babake amezikwa. Ndivyo nilifunzwa. Nikasema, "Ziwani."

Daktari aliyekuwa nyuma ya karani hakufunua hata shuka. "Watu wa ziwa! Nyinyi na mbu si ni mashemeji? Mmezoea hii kitu. Mpe tembe aende."

Foleni ikacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka kidogo kwa heshima, nikachukua tembe.

Sikuwa nimefika barabarani mtoto alipoanza kukakamaa mgongoni, macho yamegeuka meupe. Ndipo akili ikanijia. Huyu hajawahi kuona ziwa. Amezaliwa Eldoret, amelelewa ndani ya blanketi mbili. Atakuwa amemzoea mbu gani?

Nikarudi mbio, nikapita foleni yote. Askari wa mlango akanishika mkono. "Mama, unabishana na serikali?"

"Nabishana na tembe! Mtoto kwao ni hapa. Andika hapa!"

Karani akatazama kadi ya mtoto. "Ishaandikwa, Mama. Kalamu ya serikali haifutwi."

Sikutoka. Nilikaa chini pale pale, mtoto amekakamaa mapajani, mpaka jua likapita kichwani. Ni muuguzi mmoja aliyekuwa anabadilisha zamu ndiye alimchukua na kumwekea dripu, bila kuuliza kwetu.

Siku tatu sikuondoka kando ya kitanda. Ya nne akafungua macho, homa imeshuka. Nikamwita jina lake. Hakugeuka. Nikaita kwa nguvu, wodi nzima ikasikia, ikageuka kuniangalia. Yeye peke yake alikuwa anatazama dirisha.