Kuku na Mfuko wa Manyoya

Kabla sijafungua macho nilisikia mchakacho, kama mtu anayekunjua karatasi polepole. Nilipotazama, kuku wa susu, yaani nyanya yangu, alikuwa ndani ya mfuko wangu wa kulalia.

Nilikuwa na mifuko miwili. Muuza mitumba wa mji wa Wote aliniruhusu nikae nayo hadi siku ya soko, kisha nimrudishie mmoja. Wa manyoya ya bata ulikuwa mwepesi kama pumzi. Wa pamba ulikuwa mzito kama mbuzi aliyenyeshewa. Asubuhi hiyo tulikuwa tunapanda milima ya Mbooni kuwinda asali ya mwituni, na mjomba alikuwa amesema kwamba mwenye mzigo mzito atabaki nyumbani. Kuchagua kulikuwa rahisi, mpaka tulipoona mayai chini ya kuku, ndani ya ule wa manyoya.

“Mwaitu, mtoe huyo,” mjomba alimsihi mamake.

“Kuku akishaatamia kwangu hafukuzwi. Mmoja alitwaa kitanda changu, nikalala chini.”

“Susu, wa pamba hauna joto, kule juu nitaganda!”

“Wewe una mdomo, utaongea upate joto. Huyu ana watoto.”

Mjomba aliuinua mfuko wa pamba, akaguna, akanitwika mgongoni. “Haya, twende hivyo hivyo. Ukichoka, usiniite. Mwite kuku.”

Nilitoka nimepinda kama mzee. Nyuma yangu susu aliusukuma mlango ukajifunga, ili upepo usimpige mama watoto.