Picha ya Ndinda Kwenye Ubao

Mwanangu, kila ninaponusa resini, hata nikipita tu karibu na mtu anayeziba tenki, narudishwa kwenye siku moja ya mwezi wa saba, Machakos mjini, baridi inauma na jua halijulikani limejificha wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko kazi niliyoijua.

Nilikuwa nikijifunza kwa fundi Nzioka kazi ya faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa gundi ya resini. Tuliziba matenki, tukatengeneza mashua ndogo za bwawa la Masinga, na wenye mashua walipotaka jina au picha, tuliwawekea. Hatukupaka rangi. Fundi alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba, ile unayoweza kuona kidole chako upande wa pili, akaiacha ikauke kabisa. Kisha aliilaza juu ya chombo, akatandika kitambaa cha faiba, akapaka resini iliyochanganywa na dawa ya kugandisha. Karatasi ilipotea machoni na mchoro ukabaki, kana kwamba umezaliwa humo. Ikishaganda, haitoki tena.

Fundi alikuwa na sharti moja: kabla ya kugusa chombo cha mtu, jaribu kwanza kwenye kipande kilichotupwa. Mimi niliona hilo ni sharti la waoga. Nimezaliwa Wamunyu, kwa mchonga vinyago, na kwetu kosa halikuwa jambo la kulilia. Twiga akivunjika shingo, baba alimpunguza akawa swala. Swala naye akivunjika mguu, alikuwa kijiko, na mtalii alikinunua akishukuru. Nilikua nikiamini kwamba hakuna kinachoharibika usichoweza kukipunguza kikafaa.

Siku hiyo fundi alikuwa amekwenda Katelembo kuziba tenki la kanisa. Akaja Musembi, mvuvi wa Kivaa, amebeba kichwani ubao wa kuchezea mawimbi. Usicheke. Alikuwa amefanya kazi ya bustani katika hoteli moja ya Malindi, na mgeni mmoja alipoondoka alimwachia ubao wake. Pale bwawani aliulalia kifudifudi, akapiga maji kwa mikono, akaenda kutega nyavu zake. Watu walimcheka wakachoka, kisha wakaanza kumwonea wivu.

Akatoa shatini bahasha, na ndani ya bahasha picha.

"Nataka huyu akae hapa mbele," akasema. "Ni mama ya mtoto, Ndinda. Alituacha siku ya kujifungua. Niko na hii moja tu, kijana. Si utanirudishia?"

"Hata usijali," nikamjibu. "Njoo Ijumaa."

Sikuelewa nimepewa nini. Mtoto aliyebaki alikuwa msichana wa kwanza, na kwetu Wakamba msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya mzaa baba. Kwa hiyo aliitwa Mumbua, na hakubaki hata na jina la mama yake. Alichobaki nacho ni ile karatasi iliyokuwa mkononi mwangu.

Kazi ilikuwa kuinakili picha kwa wino, na kunakili sura sikukujua. Nikichora pua, ilitoka kiazi. Sura zote alichora fundi, naye angerudi kesho yake. Kungoja siku moja tu kulinishinda, kwa sababu nilitaka akirudi akute nimefanya bila yeye. Kuuliza si ujinga, nilifundishwa hivyo shuleni na nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Nikachukua picha yenyewe. Nikaipima kwa vidole, nikaikata kingo, nikailoweka majini na kubandua karatasi ya nyuma mpaka ikabaki ngozi nyembamba. Nikailaza kwenye ubao. Ilikuwa bado na unyevu, lakini baridi ile ingeikausha saa ngapi? Nikazidisha dawa ya kugandisha ili iwahi, nikapaka.

Mwanangu, resini na maji havipatani. Ukungu mweupe ulianza kwenye kona, ukatambaa taratibu. Dawa iliyozidi ikachemka, ikatoa mapovu. Nilisimama pale na brashi mkononi, nikimwona mama wa watu akifunikwa mbele yangu. Lilibaki jicho moja na kipande cha shavu.

Laiti ningeacha hapo. Jicho moja lingekuwa kitu. Lakini niliogopa, na hofu ikanikumbusha twiga wa baba, nikasema moyoni nitapunguza kidogo, nitafika palipo pazima. Nikachukua msasa, nikasugua. Nilisugua hadi jicho nalo likaisha.

Fundi aliporudi hakupiga kelele. Aliugusa ubao, akauliza, "Kipande ulichojaribia kiko wapi?" Hakikuwepo. Akasema, "Huku si Wamunyu. Hapa hakuna kijiko. Kwa nini hukuniambia tu kwamba hujui?"

Ijumaa Musembi akaja, mtoto mgongoni amefungwa kwa kanga. Fundi alinilazimisha nimweleze mwenyewe. Musembi alipapasa lile doa jeupe kama mtu anayetafuta mwiba, akanitazama, akasema, "Lakini ulisema utanirudishia." Basi. Hakutukana, wala hakudai chochote. Aliinua ubao wake akaenda. Afadhali angenipiga.

Niliomba msamaha mara nyingi baada ya hapo, na Musembi alinisamehe mwaka ambao sikutarajia. Nikadhani yamekwisha.

Mwaka jana, mimi mzee sasa wa kutembea na fimbo, akaja nyumbani kwangu mwanamke wa makamo na msichana aliyevaa sare ya shule. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na yangu yalinijia hivyo hasa, yamebeba begi la vitabu. Yule mama alikuwa Mumbua. Baba yake alikuwa amefariki. Yule msichana, binti yake wa pili, kwa desturi ile ile, alipewa jina la nyanya mzaa mama: Ndinda.

"Mzee," akasema, "sikuja kwa ubaya. Baba aliniambia ni wewe wa mwisho kuona picha ya mwaitu, mama yangu. Wazee wa nyumbani, huyu anasema alikuwa hivi, yule anasema vile. Niambie tu, huyu mtoto anafanana na yeye?"

Msichana akasimama wima, akainua uso nimtazame vizuri.

Nikatafuta kichwani. Nilikumbuka upana wa vidole vitano na urefu wa saba. Nilikumbuka kona ya chini iliyokunjwa. Uso haukuwepo. Siku ile nilikuwa na Ndinda mezani asubuhi nzima, nikampima, nikamkata, nikamloweka, na sikumtazama hata mara moja.

Ningeweza kusema, ndiyo, wamefanana. Nani angenipinga? Lakini huo ungekuwa msasa mwingine. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Sikumwangalia."

Mumbua aliitikia kwa kichwa. Akamfunga mtoto kifungo cha sweta, wakaondoka.

Kwa hiyo nisikilize, wewe mwenye simu iliyojaa picha mpaka inakataa kupokea nyingine. Mtu akikukabidhi kitu chake cha pekee, usikifanye kitabu cha kujifunzia. Usichokijua, sema hukijui mapema, kabla mkono haujalowa. Ukikosea, acha mkono, ita mkubwa wako, kwa maana kilichobaki huweza kuokolewa, na kinachosuguliwa kwa aibu hakirudi. Na kabla hujapima chochote, tazama ni nani uliyempokea.

Mungu akupe ustadi, mwanangu, lakini akupe macho kwanza. Wanaokuamini wasijute. Na siku ukiulizwa sura ya mtu aliyepita mikononi mwako, ujaliwe kuwa na la kujibu, mimi sikuwa nalo.