Bibi wa Kitanga na Fomu Yangu

Wanachuo wanaoletwa ofisini kwetu Kasulu kwa mafunzo ya vitendo huniuliza kazi ya ustawi wa jamii inataka nini. Nawajibu bila kusita: cheti, sheria kichwani, mwandiko unaosomeka, na magoti yanayokunjika. Hilo la mwisho huwachekesha. Nawaacha wacheke, kisha nawasimulia habari za bibi mmoja wa kijiji cha Kitanga.

Nilikuwa mgeni mkoani, nimetoka Morogoro na stashahada yangu, na kichwa kimenivimba. Bibi alikuwa mjane asiye na mtoto. Mtoto wa kaka yake, mwanamume mwenye familia yake, alituandikia kwamba shangazi amepoteza kumbukumbu, hivyo yeye akabidhiwe nyumba na shamba la migomba, na shangazi ahamishiwe kwa ndugu Kibondo. Mimi nilitumwa kupima kama bibi bado anaweza kujiamulia. Fomu yangu ndiyo ingesema amalizie maisha yake wapi.

Nilimkuta uani anapeta maharage. Nikasema shikamoo nimesimama, nikavuta kiti, nikafungua fomu. Leo siku gani? Una miaka mingapi? Yule ndugu, mtoto wa kaka yake, alikaa kando akitafsiri kwa Kiha, lugha ya huko. Bibi alinitazama mara moja, akaendelea kupeta.

"Ndivyo alivyo siku hizi, afisa," ndugu akasema kwa huzuni.

Sikujibiwa swali hata moja. Nikaandika kwamba hawezi kujiamulia, nikatia saini.

Mama mmoja, mhudumu wa afya wa kijiji aliyenipeleka pale, alininunia njia nzima. Nikamuuliza kulikoni.

"Dada, yule bibi hukumsalimia."

"Nilimsalimia."

"Ulimrushia salamu. Huku kwetu mtu mzima unamchuchumalia, unapiga makofi polepole, unamuuliza ameamkaje, naye anakuuliza ya kwenu mpaka aridhike. Bila hivyo hujafika. Sasa atamjibuje mtu ambaye hajafika?"

Niliona aibu, na hasira pia, maana chuoni nilipata alama za juu katika somo la mahojiano.

Asubuhi iliyofuata tulirudi mimi na yule mhudumu tu. Nilichuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, nikapiga makofi. "Mwakeye," nikamwamkia kwa Kiha. Bibi akaweka ungo chini, akaitikia. Akauliza hali ya mama yangu, ya wadogo zangu, na kama mvua imenyesha kwetu. Alipotosheka aliniambia leo ni siku gani, akanitajia mipaka ya shamba na majirani wote wanaopakana naye. Alisema yote hayo kwa Kiswahili safi. Hakuhitaji mkalimani tangu mwanzo.

Siku hiyohiyo, katika ofisi ya kijiji, mbele ya bibi na yule ndugu, nilikata maneno yangu kwa kalamu na kusema nimekosea.

"Lakini jana uliandika mwenyewe," akafoka.

"Niliandika vibaya," nikamjibu. "Shangazi yako habanduki hapa asipotaka mwenyewe."

Bibi aliomba kuiona ile karatasi. Akaigeuza huku na huku.

"Hii ndiyo ingenipeleka Kibondo?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ungekuja kuniona huko?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kiofisi. Nikamwambia ukweli, kwamba nisingekuja.