Jinsi ufagio wa mama yangu ulivyovuruga utafiti wa vumbi na saratani hapa Kolwezi

Wakuu, nawasalimu kutoka Kolwezi, mji ambao ukianika shati jeupe asubuhi, jioni unaanua la kaki.

Kisa hiki kimetokea nyumbani kwa mama yangu mzazi. Sijaongeza chumvi. Mama mwenyewe ameniruhusu nisimulie kwa sharti moja tu, kwamba niseme wazi mapema kuwa nyumba yake ni safi.

Haya. Nyumba ya mama yangu ni safi. Tuendelee.

Mama anaishi Dilala, kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi. Baba aliajiriwa huko, sisi sote tukazaliwa humo. Avenyu yetu, ndio kusema mtaa wetu, inapakana na barabara ya malori ya madini. Lori likipita, vumbi linaingia ndani bila hodi.

Miaka hii ya karibuni majirani watatu wakagundulika na saratani, mmoja baada ya mwingine. Mmojawapo ni mume wa Mama Ngalula, jirani wa mlango kwa mlango.

Basi maneno yakaanza. Avenyu imelaaniwa. Vumbi linaua. Hameni.

Kaka yangu Trésor, anayeishi Lubumbashi, akaamua kwamba nyumba iuzwe na mama ahamie kwake. Mteja alikuwa ameshampata. Mama alipopigiwa simu akajibu: "Mi niende kukala mu nyumba ya muke ya mutu, niombe ruhusa ya kufungua frigo? Hapana, Trésor."

Mimi nilibaki katikati. Nilimwogopea mama kweli. Nilikuwa nasikia akikohoa asubuhi. Lakini pia nilijua kumtoa kwenye nyumba ile ni kumtoa roho.

Sasa, kazi yangu mimi ni kukusanya data. Wakati huo nilikuwa kwenye timu ya chuo kikuu iliyopima vumbi la majumbani: kiasi gani cha metali kimo, na kina hatari gani kwa afya. Tulilinganisha mitaa ya karibu na malori na mtaa mmoja wa mbali. Nyumba zilichaguliwa kwa kura. Avenyu yetu ikatoka, na nyumba ya mama ikatoka pia. Sikuipenyeza, msinianze.

Nikawapigia mama na Trésor, tukakubaliana: tusubiri vipimo. Vumbi likionekana baya, mama anahama. Likionekana la kawaida, Trésor ananyamaza. Mama akasema sawa, tena kwa kujiamini kulikonishangaza.

Siku ya kazi ikafika. Kwa desturi yetu huwezi kuingia avenyu ya watu na mabegi na glavu bila kumwarifu shefu wa avenyu, yaani kiongozi wake. Ni adabu. Tukamwarifu jana yake, naye akapita kila mlango kutangaza kwamba wageni wa chuo kikuu wanakuja.

Kule mtaa wa mbali shefu alikuwa safarini Dilolo. Tulipata ruhusa ya komini, ofisi ya serikali ya eneo, tukaingia hivyo hivyo.

Mmeshaona tulipojikwaa? Sisi hatukuona.

Tulipangusa kipande cha sakafu kila nyumba kwa kitambaa maalumu, tukatia kwenye mifuko, tukapeleka maabara. Majibu yakarudi. Nyumba za kando ya malori zilikuwa na vumbi KIDOGO kuliko zile za mbali.

Nilishangilia kama mpira umeingia wavuni. Mama akachinja kuku, akasonga bukari, ndio ugali wetu, akaita wamama wa avenyu.

Ila Profesa wetu, mama mmoja mpole kutoka Lubumbashi, alikuwa na swali dogo tu. Vumbi la malori linarukaje nyumba za kando ya barabara na kwenda kutua mbali?

Jibu nililipata kwenye ile karamu ya kuku. Wamama walikuwa wanajisifu.

"Mi nilimwanga maji mara mbili!"

"Mi niliondoa mpaka bikapeti."

Mama yangu akawafunika wote: "Mi nilipanguza mpaka chini ya kitanda. Bageni banakuya, mi niache vumbi? Batu batasema nini?"

Nikalirudisha tonge kwenye sahani: kule mtaa wa mbali hakuna aliyetangaziwa, kwa hiyo hakuna aliyefagia. Hatukuwa tumepima vumbi. Tulikuwa tumepima aibu ya wamama wa Dilala.

Ningeweza kunyamaza, wakuu, na nyumba ingekuwa salama. Lakini kile kikohozi cha asubuhi hakikuniacha. Nikamweleza Profesa. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akapanga upya.

Safari hii tuligawa visahani vya plastiki. Kila nyumba iweke kimoja juu ya kabati, kikae wiki kadhaa, kipokee vumbi lenyewe. Visiguswe. Nilirudia neno hilo mlango kwa mlango.

Tulipokwenda kuvikusanya, vilikuwa vinang'aa. Vimeoshwa kwa sabuni. Na ndani yake kulikuwa na karanga.

Ndugu zangu wa mbali huenda hamjaelewa. Kwetu sahani ya mtu hairudi chafu, wala hairudi tupu. Cha Mama Ngalula kilikuwa na karanga za kukaanga na chumvi. Profesa alizila, akasema ni data nzuri kuliko zote alizowahi kukusanya.

Mimi sikucheka. Trésor, aliposikia majibu ya kwanza yamefutwa, alikuwa anakuja mwisho wa mwezi na gari la kubebea vitu. Bila vipimo, hofu ndiyo ingeamua.

Nikaenda kwa mama moja kwa moja, hasira zimenijaa, Mama Ngalula naye yupo. Nikauliza kwa nini wanafanya hivi.

Mama akashusha sauti: "Mwana wangu, unataka batu ba université babebe vumbi yangu, baende kuionyesha batu?"

Ndipo yakanitoka: "Mama, ile vumbi haiko yako! We njo uliileta? Iko ya barabara. Aibu ikamate barabara, isikukamate we!"

Mama aliangalia dirishani, lori likawa linapita. Halafu Mama Ngalula akaanza kucheka taratibu, machozi yakimlengalenga. "Ni kweli," akasema. "Miaka yote napanguza aibu ya wengine."

Kuanzia hapo sikuwa na kazi. Mama alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba. Visahani tulivyogawa upya vilitunzwa kama mayai. Tulipokuja kuvichukua, wamama walituonyesha kwa fahari: "Angalieni bichafu bya barabara!"

Majibu yakaja, na safari hii yalikuwa na akili. Karibu na malori vumbi lilikuwa jingi, na metali ndani yake nyingi. Niliyasoma mara mbili. Kwa makubaliano yetu, mama alikuwa ameshindwa.

Profesa akaja kuyaeleza mwenyewe, uani kwa mama. Alianza na wale wagonjwa watatu. Alirusha punje za mahindi kwenye mkeka bila kulenga. Sehemu moja zikarundikana, sehemu nyingine patupu. Akasema ukichora duara baada ya kuona zilipoangukia, lazima utaona laana. Tena magonjwa ya wale watatu si ya aina moja, na avenyu yetu ni ya wastaafu, na saratani inapenda wazee.

Mama Ngalula akamkatiza: "Kwa hiyo vumbi haina kosa?"

"Mama, sisemi haina kosa," Profesa akajibu. "Minasema bagonjwa batatu ni bachache sana, habawezi kunionyesha nini ilileta ugonjwa. Pengine vumbi, pengine hapana. Lakini vumbi yenyewe tumeipima, na haifai kuingia mu kifua ya mutu."

Mama Ngalula akatikisa kichwa. Alisema afadhali hiyo kuliko kuambiwa amelaaniwa.

Kisha Profesa akatoa zile data za kwanza, zile nilizodhani tumezizika. Alikuwa amezilinganisha na za visahani, nyumba kwa nyumba. Hatari, akasema, inategemea kiasi gani kinaingia mwilini na kwa muda gani, na mahali palipopanguswa kwa maji kiasi kilikuwa kimeshuka vizuri. Si kumalizika, kushuka. Wasifagie kavu, viatu vibaki nje, na barua iende komini ili barabara imwagiwe maji.

Mama alinitazama. Sijawahi kuona mtu akipewa ushindi na takwimu namna ile.

Trésor akaja na gari lake, tupu. Kwanza alizuiwa mlangoni avue viatu. Mkubwa mzima, soksi ina tundu. Akasoma majibu, akabisha, akauliza maswali, mengine ya maana kabisa. Mwishoni alikubali jambo moja, kwamba mama abaki lakini aende kupimwa kifua. Alipimwa. Ni kikohozi cha vumbi na ukaidi, basi. Barua tumepeleka, na siku nyingine gari la maji linapita kweli.

Kabla ya kuondoka Trésor alipitisha kidole juu ya kabati, akakiinua kikiwa chekundu. "Mama, huku kuko vumbi!"

Mama akaruka kutoka jikoni na kitambaa kibichi mkononi.

"Usiguse! Ile haiko yangu. Iko ya barabara, namuwekea Profesa."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: namba nzuri isiyoeleweka iulize maswali hata kama inakupendeza. Na ukitaka ukweli kwa watu, kwanza waondolee aibu isiyo yao.

Uwanja ni wenu. Hasa mniambie: kwenu mama anaweza kuambiwa wageni wanakuja asishike ufagio? Kama yupo, naomba nimwone.