Upande wa Ukuta

Fundi wa umeme wa magari pale Malili alikuwa na mazoea ya kunusa waya kabla ya kuufunga, kama mama anayenusa maziwa ya jana. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika, na kovu la moto hapo liling'aa kama plastiki. Sauti yake ilikuwa ya chini. Ukiwa mbali ungedhani anaongea na betri. Mimi nilikuwa nikimpelekea chai, na nilikuwepo siku Pasta Ndeti alipoleta basi kuukuu alilotaka kuligeuza kuwa nyumba, awe akilala humo na mkewe wakienda kuhubiri hadi Kanyangi. Pasta alitaka taa tatu, feni, redio kaseti na spika mbili juu. "Vyote vitaingia," fundi alisema, "lakini kila kimoja na fyuzi yake, na swichi moja kubwa karibu na kitanda ya kuzima kila kitu." Kisha akauliza, "Nani atalala upande wa ukuta?"

Pasta akacheka. "Si ni Mama."

Fundi akaifunga ile swichi ukutani, kando ya kitanda. Alimwomba Mbinya, mke wa pasta, alale kwenye godoro, afumbe macho, aitafute swichi kwa mkono. Mkono ukapapasa hewa. Fundi akaing'oa swichi, akaishusha. Mkono ukapapasa tena. Mara ya tatu ukaigusa. Mbinya akafumbua macho, akaviona vile vidole.

"Fundi, kwako nani alikuwa upande wa ukuta?"

Fundi akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.