Swichi ya Tatu

Angetile alizaliwa na koo jembamba, na hilo ndilo lililompeleka kwenye gitaa la besi. Baba yake, mzee Hezroni, aliimba sauti ya nne katika kwaya yetu ya Ngana tangu kabla sisi hatujazaliwa, na akifungua kinywa chake mabenchi ya mbele yalitetemeka. Angetile alijaribu kumrithi. Mwalimu wa kwaya alimsikiliza ubeti mmoja tu, akamwambia akakae na akina mama wa sauti ya pili. Tulimcheka wiki nzima. Yeye hakucheka, na kanisa liliponunua vyombo alisimama akashika besi kabla mtu hajaulizwa. Mimi nikachukua gitaa la solo, kwa sababu napenda kuonekana.

Kwa mambo mengine alikuwa mtu kama sisi. Alilima mpunga bondeni, alikuwa na kokoa na migomba, na alioa binti wa Kaporo, ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, aitwaye Sekela. Kuvuka mpaka kwenda kuoa si safari kwetu. Nusu ya shangazi zangu wako huko.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo wageni hulidhania chuki. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, na wakikaribiana njiani hujifunika kanga kichwani na kuingia migombani mpaka mzee apite. Ni heshima, na inawachosha wote wawili, maana mzee naye hawezi kutembea kimyakimya kama mwizi. Lazima ajitangaze. Wengine hukohoa, wengine hugonga fimbo. Mzee Hezroni aliguna. Alifunga mdomo akatoa noti moja ya chini, ndefu, iliyoishia kwa mkwaruzo mdogo kama kiti kinachosogezwa. Ukiusikia mguno ule ulijua kila mke wa ukoo amekwisha kujificha.

Na katika ukoo ule mkwe huachiliwa siku moja tu, siku ya kuaga mwili. Hufika mbele ya jeneza, hufunua uso, humsalimu mzee kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kuanzia hapo yuko huru.

Mzee Hezroni alifariki mwezi wa nne, mvua zikiwa zimepamba moto. Sekela alikuwa Kaporo akimuuguza mama yake. Songwe ulifurika, ukameza mashamba na njia pande zote mbili, na hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali kumvusha. Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kutitia.

Angetile alikuwepo msibani, lakini alikuwepo kwa namna yake. Bendi hupiga wakati watu wanapita kuaga, na mpiga besi akiacha, wimbo wote unakaa chini. Nilimtazama siku ile. Hakuinua macho kutoka kwenye nyuzi. Watu walipita, wakwe wenzake Sekela wakafunua nyuso wakasalimu, jeneza likafungwa tukiwa bado kwenye kiitikio. Baadaye nilimwambia pole, akaniuliza kama besi ilisikika vizuri huko nyuma. Nilikasirika, kisha nikamwonea huruma.

Basi Sekela akaendelea kumwogopa mkwewe. Kaburi liko mbele ya nyumba, hivyo yeye alipitia mlango wa nyuma. Wanawake walimtania kwamba anamkimbia marehemu. Aliwajibu bila hasira, "Sijamuaga. Mnataka nipite mbele yake bila ruhusa?" Watu wakazoea.

Mwaka 2001 binamu yake Angetile, Oscar, akarudi kutoka Johannesburg. Soko huria lilikuwa limefungua kila mlango, na Oscar alikuwa mtu wa kupitia kila mlango uliofunguliwa. Alishuka kupitia Malawi na vitambaa, akapanda na redio na vyombo vya muziki vya mitumba. Angetile alikuwa akimtunzia kokoa yake kila akisafiri, kwa hiyo safari hii Oscar alimletea zawadi. Ilikuwa pedali ya gitaa la besi, kijisanduku cha chuma kizito kuliko kinavyoonekana, chenye nobu sita juu na swichi tatu za kukanyaga kwa chini.

Mimi niliona anasa. Angetile aliona dunia. Gitaa lilichomekwa upande mmoja, amplifaya upande mwingine, na katikati ndipo sauti ilipopikwa. Nobu moja iliongeza uzito wa chini, nyingine ukali wa juu, nyingine ilikwaruza sauti, nyingine ilichanganya sauti iliyopikwa na ile mbichi ya gitaa. Ukishapata unachotaka, unakanyaga swichi mara mbili harakaharaka, nayo inakihifadhi humo. Kesho ukikanyaga mara moja, kinarudi kilekile hata kama umeme ulikatika usiku kucha. Kulikuwa na ubaya mmoja. Nobu hazikuonyesha kilichohifadhiwa. Zilibaki pale mkono wako ulipoziacha mara ya mwisho. Na ukikanyaga mara mbili juu ya sauti ya zamani, umeifuta, na hakuna mahali pa kuisoma ili uitengeneze tena.

Swichi ya kwanza aliipa sauti laini ya nyimbo za polepole. Ya pili aliipa sauti inayong'ata, ya mapambio. Ya tatu ilimpa taabu. Alirudi kutoka shambani, akanawa, akakaa sebuleni na kuzungusha, akatikisa kichwa, akazungusha tena. Nilimuuliza anatafuta nini. "Nikiipata nitajua," alisema.

Aliipata alasiri moja ya manyunyu, mimi nikiwa nimekaa naye. Alipunguza ukali wote wa juu, akaongeza mkwaruzo kidogo sana, akapiga uzi mnene na kuuacha ufe wenyewe. Nilihisi sauti ile mgongoni kabla ya kuisikia. "Hapo," alisema kwa upole, akakanyaga mara mbili.

Nje kitu kilianguka. Tulitoka tukakuta reki chini na kokoa imeachwa juu ya mikeka inalowa, na Sekela, ambaye hajawahi kuacha kokoa ilowe, hayupo. Alikuwa ndani ya migomba, kanga imefunika kichwa chote, ametugeuzia mgongo. Angetile alimwita. Hakugeuka.

"Kwa nini hamkuniambia tata yumo ndani?" aliuliza.

Tuliangaliana. Kwa Kinyakyusa tata ni baba, na katika nyumba ile tata alikuwa mmoja tu. Mimi siamini mizimu. Naamini waya na betri, nimesema hivyo miaka yote na ninasema hivyo sasa. Lakini nilijua amesema kweli. Ule ulikuwa mguno wa mzee Hezroni, na mwisho wake ulikuwa mkwaruzo wa kiti.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Jumapili, katikati ya wimbo wa sadaka, Angetile akakanyaga swichi ya tatu.

Sitasahau. Kanisa zima mikono ya wanawake walioolewa katika ukoo ule iliinuka yenyewe ikavuta kanga kichwani, hata ya wale walioachiliwa msibani. Mzee Yohana, ambaye alikaa jirani na Hezroni katika sauti ya nne kwa umri wake wote, alijisogeza kwenye benchi bila kutazama, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Aliendelea kuimba. Nafasi ile ikabaki wazi, na hakuna mtoto aliyethubutu kuikalia.

Sekela alitoka kanisani ameinamisha kichwa. Hakupita nyumbani. Alivuka Songwe mchana uleule, na salamu zake zikaja kwa mdomo wa wifi yake: hawezi kulala nyumba moja na baba mkwe. Hajakasirika, alisema, na mumewe anampenda. Lakini nyumba ile ina mwenyewe.

Nilimwendea Angetile nikamwambia afute. Kukanyaga mara mbili tu, mke arudi.

"Nikifuta inakwenda wapi?" aliniuliza.

"Iende wapi? Ni umeme."

"Basi kanyaga wewe."

Niliinua mguu. Nauona bado mguu wangu umening'inia juu ya kijisanduku kile, na mimi mtu mzima nashindwa kuushusha. Niliurudisha chini nikasema nina haraka.

Wiki zikapita. Alipiga kila siku, noti ile moja, huku mpunga wake ukizidiwa na magugu. Alikonda. Alipozungumza alitega sikio, kana kwamba kuna mtu wa kumwachia nafasi ya kusema. Majirani wakaanza kuzunguka mbali na nyumba. Hata mimi, nikipita pale saa sita mchana, nilisikia mguno na nikajikuta nimevua kofia na kusema, "Mugonile, tata," kama tulivyozoea kumwamkia. Nilitembea upesi baada ya hapo.

Sekela alirudi siku ya soko, wengi wakiwa wamekwenda mjini Kyela. Nilikuwa nimempelekea Angetile ndizi, maana alikuwa amesahau kula. Tulisikia sauti ya Sekela nyuma ya ukuta.

"Gwe Angetile, piga ya tatu."

Angetile alinitazama, kisha akakanyaga na kupiga uzi mnene. Mguno ukajaa chumba. Tukasikia nyayo zikizunguka nyumba polepole, zikapita mbele, kando ya kaburi, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu msiba. Sekela akaingia kwa mlango wa mbele. Alipiga magoti mbele ya amplifaya, akatoa kanga kichwani, akainua uso.

"Mugonile, tata," alisema. "Ni mimi Sekela, mke wa mwanao. Mto ulinizuia. Ndaga, asante kwa kunipa njia siku zote."

Nilitazama mikono ya Angetile. Ilikuwa magotini, yote miwili. Nyuzi zilikuwa zimetulia. Mguno ulikuwa bado unaendelea. Najua amplifaya huvuma yenyewe, nimezitengeneza nyingi. Uliendelea kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa, ukashuka, ukakwaruza, ukaisha. Hewa ya chumba ikawa nyepesi na nikaogopa kuliko nilivyoogopa ulipokuwa ukilia.

Sekela alikaa, akajifuta uso kwa kiganja. Alionekana mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Mimi nimemuaga," alimwambia mumewe. "Umebaki wewe."

"Sitaipata tena," alisema Angetile. "Nobu nilishazizungusha, hazionyeshi kitu. Sikuandika, sikukariri, sitaipata tena."

"Najua."

Alilivuta gitaa mapajani. Nilidhani atakataa, na kwa kweli nilitaka akatae, maana na mimi nilimpenda mzee yule. Kisha akainama akazungusha nobu zote sita bila kuzitazama, ovyo, kama mtoto. Akaweka mguu juu ya swichi ya tatu.

"Tata," alisema kwa ile sauti yake nyembamba, "nilikuwa napiga gitaa. Sikuweza kuja."

Akakanyaga mara mbili.