Ruben hashuki kisimani kabla ya kuuliza nani alichimba

Saa moja asubuhi, kandambili mbili za buluu zimepangwa kando ya kisima kimoja mtaani Katuba. Visigino vinatazama shimo, ncha zinatazama lango la kutokea. Mwenye kandambili amesimama peku, mikono kiunoni.

"Nikitoka chini nataka zinikute zimeelekea nyumbani," anasema.

Anaitwa Ruben Kasonde, ana miaka arobaini na mitatu, na kazi yake ni kuongeza kina cha visima. Ni Oktoba, mvua bado, na katika mitaa mingi ya Lubumbashi ndoo zinapanda na matope. Mwenye nyumba, mama mmoja aliyejitanda kitenge begani, anataka kujua atalipa kiasi gani. Ruben anamwinulia kidole: bado kidogo. Ana swali lake kwanza.

"Mama, nani alichimbaka hii kisima?"

"Eh! Ni zamani. Bwana yangu alileta muntu wa kule Kamalondo. Jina nimesahau. Mufupi hivi."

"Mufupi?" Ruben anacheka. "Bon. Nitakunja magoti."

"Leo utashuka sawa chura, mukubwa," anasema Mukuka, mwenzake anayeshika kamba juu.

Si mzaha mtupu. Kuta za visima hivi hazijengewi matofali. Ni udongo mwekundu tu. Mchimbaji wa kwanza hukata vidato pande mbili, vijishimo vya kutia mguu, kwa kipimo cha miguu yake mwenyewe. Anayekuja baadaye hushuka kwa vidato hivyo hivyo, awe mrefu awe mfupi. Kidato kikiziba kwa udongo, anakikwangua kwa mkono. Hakati vyake pembeni.

"Ukikata vyako karibu na vyake, ukuta unabaki kama sega la nyuki," Ruben anaeleza. "Kushuka utashuka. Kupanda, hujui."

Mukuka anateremsha mshumaa ndani ya kopo kupima hewa. Mshumaa unawaka hadi chini. Ruben anajifunga kamba kiunoni, anatafuta kidato cha kwanza kwa kisigino, na kichwa chake kinazama.

Kwa mita moja hulipwa faranga elfu arobaini, anazogawana na Mukuka. Katika miezi hii ya kiangazi huongeza visima viwili kwa wiki. Mvua zikishika, kazi hukatika, naye hufyatua matofali. Lakini wengi wa Katuba wanamjua kwa kazi nyingine, isiyo na malipo: ni mwalimu wa darasa la ubatizo katika kanisa dogo la mtaa. Kazi hiyo, mwaka jana, ilikaribia kuporomoka mikononi mwake.

Yeye, kuliko watu wote, hakupaswa kufanya kosa alilofanya. Sheria ya vidato aliijua kwa mwili wake.

Miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa akiongeza kisima cha mtu mwingine, si mbali na hapa. "Nilikuwa na nguvu na haraka," anasema. "Aliyenitangulia alikuwa na hatua fupi, nikaona ananichelewesha. Nikakata vyangu." Siku ya pili ukuta ulianguka. Udongo ukamfunika hadi kifuani, mita tisa chini ya ardhi.

Watu walihangaika kwa saa tatu kumtoa. Muda wote huo fundi viatu mmoja, mwenye meza yake ng'ambo ya barabara, alilala kifudifudi ukingoni akiongea naye. Ndiye Papa Émile Ntumba, mzee ambaye baba yake alitoka Kasai kuja kutafuta kazi migodini.

"Hakunihubiria hata neno moja," Ruben anakumbuka. "Aliniita: 'Kasonde! Usikufe leo. Kiatu yako moya iko kwangu. Nitamupatia nani, kiatu moya?'"

Alipopona alikwenda kuchukua kiatu. Akakaa kwenye benchi la mzee, akasikiliza. Mwaka uliofuata alibatizwa.

Papa Émile alifundisha pale pale mezani. Alikuwa akishona soli huku wewe ukisema somo lako, na soli ikiisha na somo limekwisha. Kila mtu alikwenda kwa mwendo wake. Hakuwa na daftari, alijua kichwani kila mmoja amefika wapi. Alipofariki Juni mwaka jana aliacha wanafunzi kumi na tisa ambao bado hawajabatizwa, na Pasta Casimir akamwomba Ruben awachukue.

"Niliogopa sana," anasema. "Mzee alinitoa shimoni. Nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, kazi yake isifie kwangu. Basi nikaishika kwa nguvu zote."

Alinunua daftari. Akapanga mabenchi kanisani. Jumapili ya kwanza ya Julai akasimama mbele na kuuliza nani anazijua amri kumi.

"Hakuna aliyeinua mkono. Watu kumi na tisa, kimya. Nikasema moyoni, mzee alikuwa amechoka, hakuwafundisha. Nikaanza upya, somo la kwanza, kwa wote."

Kufikia mwisho wa Agosti walikuwa wamebaki watatu. Pasta Casimir, mtu asiyepandisha sauti, alimwita pembeni. Kama hadi Pasaka hakuna wa kubatiza, alisema, darasa la Katuba lingefungwa, na wanaotaka wangekwenda kufundishwa katika kanisa la mjini. Ruben alijua maana yake. Nauli ya basi kwenda na kurudi, kila wiki, ni wangapi wangeiweza?

Mwezi wa Oktoba kisima cha Mama Victorine kilikauka.

Mama huyo ana miaka sitini na zaidi, huuza mboga za lengalenga na sombe sokoni, na alikuwa mmoja wa walioondoka. Alimwita Ruben kwa sababu maji ni maji. Ruben alivua kandambili, akazipanga, akauliza swali lake la kila siku.

Mama Victorine akatua beseni la mboga.

"Weye unauliza kisima yangu nani alichimba," akasema. "Siye, haukutuuliza."

"Mama, niliuliza. Nilisema nani anajua, na..."

"Uliuliza bantu bote pamoya! Mwalimu mupya anasimama mbele, kaburi ya marehemu haijakauka, nani atainua mukono aseme miye minajua? Utaonekana na kiburi. Papa Émile alitufundishaka moya moya, kila muntu na kiatu yake. Miye, miaka tatu! Weye ukakuja na daftari, ukakata vidato yako."

Mukuka, aliyekuwepo na kamba yake, anasema yeye aliinama kutazama kisimani kama mtu aliyeangusha kitu.

Ruben hakushuka asubuhi ile. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akauliza: "Alikufikisha wapi, mama?"

Mama Victorine akamweleza, akifunga mafungu ya lengalenga, mpaka beseni likajaa tena.

Tangu siku hiyo, kila alasiri Ruben alinawa udongo na kuanza kuzunguka. Nyumba baada ya nyumba, swali lile lile. Seremala mmoja alikuwa amefika kwenye kuteswa kwa Bwana. Dada wawili walijua mifano ya Yesu kumi na mmoja, lakini sala ya Bwana waliishia katikati. Dereva wa pikipiki alikuwa nyuma ya wote, naye alikuwa na sababu.

"Niko juu ya moto, hii pikipiki, siku nzima, mwalimu. Viatu yangu haiishake. Njo maana somo ni kidogo."

Ruben bado anacheka akisimulia, macho kwenye kalamu inayoandika. "Na kulikuwa na binti mmoja, jina sitataja. Aliniambia amefika amri ya nne tu. Sita zilizobaki alizishika kwa wiki moja. Nikasema, ah, labda na miye nimeanza kujua kufundisha."

Alipokuta kitu kimefundishwa nusu, alikimaliza. Alipokuta kimesahauliwa, alikirudia taratibu kwa maneno yale yale ya mzee, ambayo wanafunzi wenyewe walimkumbusha. Daftari aliendelea nalo, ila sasa kila jina lina ukurasa wake.

Kati ya wale kumi na tisa, pamoja na watatu waliokuwa wamebaki, darasa likawa na kumi na watano. Mmoja amehamia Kolwezi. Watatu wanasali katika kanisa jingine. "Hao si hasara," anasema. "Wamekwenda na vidato vyao."

Wiki moja kabla ya Pasaka, Pasta Casimir alikaa mbele ya darasa kuwauliza. Ruben alikatazwa kusema lolote. Alisimama nyuma, mgongo ukutani, na waliokuwepo wanasema jasho lilimtoka kuliko akiwa chini ya ardhi.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mama Victorine.

"Mama, tupatie amri ya kwanza."

"Usiibe," akajibu bila kusita.

Ruben alifumba macho.

"Mama," Pasta akasema polepole, "hiyo ni ya nane."

"Sokoni ni ya kwanza, Pasta. Papa Émile alinianzisha hapo, juu ya mizani yangu alinikuta nayo."

Pasta Casimir alitazama chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Endelea, mama," akasema, na Mama Victorine akaendelea. Akazitoa zote kumi, kwa mpangilio wake wa sokoni, bila kuacha hata moja. Ya mwisho kwake ilikuwa kumwabudu Mungu peke yake. "Hii niliiweka mwisho ili isianguke," alisema.

Wote kumi na watano walipita. Siku ya Pasaka walibatizwa mtoni, na wa mwisho alipotoka majini Ruben alikaa chini kwenye majani, miguu imenyooka, kama mtu aliyetolewa tena kisimani. Pasta alipopita alimshika bega, akamkumbusha fundisho la Mtume: mmoja huweka msingi, mwingine hujenga juu yake, na anayejenga aangalie anavyojenga.

"Nilijua hilo fundisho," Ruben anasema. "Nililihubiri hata mara mbili. Lakini nilidhani msingi ni kitu kinachoonekana, kama huu wa nyumba. Kumbe msingi wa Papa Émile ulikuwa ndani ya watu, na watu walikuwa kimya."

Saa tano sasa. Kamba inatikiswa mara tatu, Mukuka anavuta. Ndoo ya kwanza ni tope, ya pili ni tope. Ya tano inapanda na maji, machafu bado, ila ni maji, na mwenye nyumba anapiga kigelegele kinachowatoa majirani ndani. Kisha anapanda Ruben mwenyewe, magoti yamekunjwa kama chura, mwekundu mwili mzima. Anavaa kandambili zake bila kuzigeuza.

Darasa jipya lina watu kumi na mmoja. Sasa ana mpango. Anataka kumpata mtu wa kuzunguka naye nyumba kwa nyumba, ajue kila mmoja amefika wapi, ili siku yeye atakapoondoka asiwepo wa kuanza upya.

"Nimemutafuta," anasema, akikwangua udongo kwenye kiwiko. "Sijamuona. Labda iko pale pale darasani, anaogopa kuinua mukono. Tunajuana siye bantu ya huku."

Mwandishi wa habari hizi aliandika maneno hayo na kumuaga.

Jumapili ile ya Julai, kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, kulikuwa na msichana aliyezijua amri zote kumi. Papa Émile alimfundisha kwa jozi mbili za makubazi. Mikono yake ilibaki mapajani, na alikuwa wa kwanza kuacha kuja. Hata mwalimu alipomfuata nyumbani kwao kumwuliza, alijibu amefika amri ya nne, ili asimwaibishe mwalimu.

Ni mimi ninayeandika haya. Papa Ruben, nilizijua zote. Mkono ambao sikuuinua siku ile, nauinua leo.